Mshale Haukurudi Kwenye Sifuri

Kila siku baada ya shule, binti wa fundi redio alipitia kibandani kwa baba yake, akatundika mkoba msumarini na kufagia vipande vya waya. Siku hizi alifagia polepole, maana vumbi likipanda kidogo tu, baba alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Miaka ishirini ya kuinamia moshi wa kulehemu katika chumba kisicho na dirisha ilikuwa imemla kifua.

Daktari alimpa dawa na onyo moja: "Ukiona pumzi inapungua, usingoje. Rudi."

"Basi tutaipima," baba alisema. "Ufundi ni wa nini?"

Wakafunga mota ya redio ya kaseti na panga boi dogo ndani ya bomba. Ukipuliza, panga boi linazunguka na mota inatoa umeme. Lakini umeme huo ulionyesha kasi ya pumzi tu. Ili kujua pumzi yote ni kiasi gani, walihitaji sakiti ya kuujumlisha toka mwanzo wa kupuliza hadi mwisho.

"Tuweke rezista na kapasita ya kuhifadhi umeme tu, Baba. Ni rahisi."

"Rahisi ni ghali, mwanangu. Hiyo ni ndoo iliyotoboka, unajaza huku inavuja kule. Tutaongeza amplifaya, ishike kila tone. Ila hiyo haisahau pumzi iliyopita. Kabla ya kila pumzi, bonyeza swichi hii ya kuumwaga umeme mpaka mshale wa mita ulale kwenye sifuri."

Kila jioni baba alipuliza mara mbili, macho kayafumba: ya kwanza ya kuzoea, ya pili ya kuandikwa. Binti alisoma mshale. Arobaini. Kesho yake thelathini na tisa, kisha thelathini na nane.

Siku ya nne swichi ilishika kutu, ikashindwa kumwaga umeme wote. Kabla ya pumzi ya pili, mshale ulikuwa umegoma kwenye nane. Binti aliuona. Baba akapuliza.

"Ngapi?"

"Arobaini na tano."

Baba akacheka, mara ya kwanza mwezi ule. "Mwambie mama yako asitafute mume mwingine."

Binti hakuwa na moyo wa kukizima kicheko kile. Akanyamaza. Akanyamaza wiki mbili nzima, kutu ikizidi kuibana swichi, huku baba akisema, "Namba zinapanda, hospitali ya nini?"

Asubuhi ya Jumamosi moja baba alipumzika mara tatu kati ya nyumbani na kibandani. Mara ya tatu alikaa chini, barabarani, kama mzigo. Binti akapiga magoti mbele yake.

"Baba, namba zile si za kweli. Swichi imekwama. Nilijua tangu siku ya nne."

Baba alijiinua, akashika njia. Walipofika kibandani aliifungua swichi, akasugua kutu, akapuliza. Thelathini na moja. Akachukua koti lake.

Daktari alibadilisha dawa, na pumzi ikaacha kushuka. Lakini iliyokwisha kupotea, alisema, hairudi tena, na kulehemu ndiyo basi.

Jioni ya siku ile ya hospitali baba aliichomoa pasi yake ya kulehemu, akaizungushia waya.

"Sikulaumu kwa swichi," alisema. "Swichi zote hukwama. Ulinionea huruma, najua. Lakini huruma yenye uongo ndani yake imenila kifua kuliko moshi. Ukinipenda, nipe namba yenyewe, hata kama itaniliza."

"Ndiyo, Baba," binti alisema, naye analia.