Sahihi kwenye Kadi ya Faiqoh

Kila alfajiri baada ya sala, wasichana wa bweni moja la Kurani huko Jombang, Indonesia, walipanga foleni ya bafu, ndoo mkononi. Kisha kila mmoja alimsomea kiongozi wa chumba aya alizohifadhi. Chumba cha nne kiliongozwa na Wening, mwenye miaka kumi na mitatu. Sura ikisomwa sawasawa, alitia sahihi kwenye kadi ya msomaji.

Mwaka huo mkuu wao, Mama Nyai Muslihah, alitoa sheria mpya: siku ya ukaguzi kadi ikikutwa na pengo la sahihi, kiongozi wa chumba anavuliwa uongozi.

Zilibaki siku mbili. Faiqoh bado alikwama kwenye Surat Abasa.

"Naisoma, dada, lakini haikai."

"Kichwa chako kinavuja kama ndoo yako!" Wening alisema. Chumba kizima kikacheka. Akachukua kalamu, akatia sahihi. Hakuona haya wala hofu. Hakuhisi kitu.

Siku ya ukaguzi, mkaguzi alichomoa kadi moja tu, ya Faiqoh. Faiqoh alisoma aya tatu, akakwama.

"Kumbe kadi ndiyo iliyohifadhi," mkaguzi alisema.

Baadaye Mama Nyai aliwaita Wening na Faiqoh ofisini. "Nani alitia sahihi hii?"

"Mimi," Faiqoh alijibu haraka. "Nilighushi ya dada Wening."

"Unajua anayeghushi hurudishwa kwao?"

"Najua, Mama Nyai."

Wening aliyasikia kama habari za watu wa mbali. Akatazama ndala za Faiqoh mlangoni, moja imefungwa kwa uzi.

"Anasema uongo," alitamka. "Ni mimi. Hakunisomea."

Mama Nyai aliiweka kadi mezani. "Sheria yangu ilipima kadi, haikupima watoto. Kosa hilo ni langu, na sheria hiyo naifuta leo. Lakini kalamu uliishika wewe. Uongozi umekutoka. Na kila alfajiri utamsikiliza Faiqoh mpaka amalize."

Wening hakulia. Kesho yake alikaa kando ya Faiqoh, wakaanza na aya ya nne.

Baada ya wiki tatu Faiqoh alisimama mbele ya Mama Nyai, akaisoma Abasa yote bila kukwama. Wening akashtuka kuona macho yake mwenyewe yamelowa.

"Umeona?" Mama Nyai alimwambia Wening. "Kuongoza ni kumfikisha mwenzako. Kumwandikia kwamba amefika ni kumwacha njiani."

Akatia sahihi yake kwenye kadi mpya, akampa Faiqoh.