Maneno ya Kwenye Jiwe la Mwalimu Nikolao

Severina anaishi katika kata ya Makote, wilaya ya Newala. Majirani wanamwita Mama Oliva. Ana shamba la mikorosho, na pembeni yake amepanda muhogo na mbaazi.

Jumamosi moja ya mwezi wa saba alikuwa amekaa barazani akiosha ming'oko. Ming'oko ni mizizi inayochimbwa porini. Huchemshwa na kuliwa kwa chai. Siku hiyo vibarua walikuwa wakipuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho ya jirani, na harufu yake ilifika mpaka nyumbani.

Mume wake, Mwalimu Nikolao, alipenda sana ming'oko. Alifariki mwaka 2024. Severina bado alikuwa akichemsha sufuria kubwa, kama vile walaji ni walewale.

Mwalimu Nikolao alifundisha Kiingereza katika shule ya msingi ya kijijini. Kila asubuhi aliandika ubaoni sentensi moja yenye kosa. Kisha aliweka chaki mezani na kukunja mikono. "Haya," aliwaambia watoto. "Kosa limejificha. Litoeni."

Watoto walilitafuta kwa kelele. Mmoja alisema liko mwanzoni, mwingine alisema liko mwishoni. Shamba la Severina lilikuwa karibu na shule. Alipokuwa akipalilia, alizisikia kelele hizo na kucheka peke yake. Hakujua Kiingereza, lakini aliweza kujua ni wakati gani kosa limepatikana, kwa sababu darasa zima lilipiga makofi.

Mchana huo Oliva alifika kutoka Newala mjini. Oliva ni binti yake wa kwanza, naye ni fundi cherehani. Alikuwa anajiandaa kurudia mtihani wa kidato cha nne, kwa sababu somo la Kiingereza lilikuwa limemwangusha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na njaa?"

"Nimekuja na habari. Anthony ametuma maneno ya kwenye jiwe la baba."

Anthony ni mdogo wake Oliva. Anafanya kazi Masasi, katika duka la vifaa vya simu. Familia ilikuwa imeagiza bamba la marumaru kwa fundi Rajabu wa hukohuko Masasi, ili liwekwe kaburini siku ya misa ya kumbukumbu. Anthony ndiye aliyeomba maneno yawe ya Kiingereza. "Baba alikipenda," alisema. "Tumpe alichokipenda." Wote walikubali.

"Nisomee," alisema Severina, akafuta mikono kwenye kanga.

Kabla Oliva hajaanza, ilisikika hodi. Alikuwa Mwalimu Mabel, jirani yao. Mwalimu Mabel alifundisha pamoja na marehemu kwa miaka mingi, sasa amestaafu. Oliva alimwamkia na kumletea kiti.

"Umekuja wakati mzuri, Mwalimu," alisema Severina. "Sikiliza maneno ya jiwe."

Oliva alisoma kwa sauti, pole pole. Severina alifumba macho. Hakuelewa maneno, lakini sauti ile ya Kiingereza barazani ilimkumbusha mumewe akisoma jioni, miguu juu ya kigoda. Machozi yalimlengalenga.

Oliva alipomaliza, Mwalimu Mabel aliangalia chini.

"Ni mazuri, siyo?" aliuliza Severina.

"Mama Oliva, moyo ulioyaandika ni mzuri," alijibu Mwalimu Mabel. "Lakini siwezi kukuficha. Yana makosa. Jiwe likishachongwa halifutiki kama ubao. Na aliye chini ya jiwe hilo ni Nikolao."

Severina aliweka chini bakuli la ming'oko. "Makosa? Kwenye kaburi lake?"

"Bado tuna nafasi ya kuyarekebisha. Oliva, soma tena, sentensi moja moja."

Oliva aliuruka mstari wa juu kabisa, akidhani ni kichwa tu, akasoma: 'He has died in 2024.'

"Iseme kwa Kiswahili," alisema Mwalimu Mabel.

"Amefariki mwaka 2024."

"Sasa sikiliza. Kiingereza kinataka ujiulize: je, wakati umetajwa? Kama umetajwa, na umeshapita, huwezi kutumia 'has died'. Mwaka umetajwa hapa. Kwa hiyo tunasema alifariki."

Oliva alifikiri. "'He died in 2024.'"

"Vizuri. Endelea."

'He teached English for many years.'

Hapo Oliva mwenyewe alisita. Alirudia neno moja. "Teached. Teached. Baba hakuwa akisema hivyo. Alisema 'taught'."

"Umelisikia!" Mwalimu Mabel alipiga goti lake kwa furaha. "Vitenzi vingi vya Kiingereza vinaongezwa 'ed' vikiwa vya wakati uliopita. Lakini vingine ni vikaidi, vinabadilika vyenyewe. 'Teach' ni 'taught'. 'Go' ni 'went'. Hivyo huna budi kuvizoea kwa kuvisema na kuvisoma."

Sentensi iliyofuata ilisema: 'He gave us many advices.'

"Hii mimi naiona sawa," alisema Oliva. "Ushauri mwingi. Wingi unaongezwa 's'."

"Wengi wanaiona sawa. Mama Oliva, ndani una unga?"

Severina alishangaa. "Upo."

"Unga wako ni ngapi?"

"Unga unahesabiwaje, Mwalimu? Labda uniulize madebe."

"Umemjibu binti yako," alisema Mwalimu Mabel. "Unga hauhesabiki, tunahesabu madebe. Katika Kiingereza, 'advice' ni kama unga. Haliongezwi 's' hata kama ushauri ni mwingi. Tuseme 'He gave us good advice'."

Oliva alicheka. "Baba naye alikuwa anaingia jikoni hivihivi kutafuta mfano."

"Tulikuwa tunaibiana mifano," alisema Mwalimu Mabel, naye akatabasamu. "Mfano wangu ukiwa mzuri leo, kesho nausikia darasani kwake."

Oliva aliendelea: 'His childrens and pupils loves him.'

"Hapo yapo mawili. 'Child' ni mtoto mmoja. 'Children' ni watoto. Ukiongeza 's' ni kama umesema wawatoto."

Severina alicheka kwa mara ya kwanza. "Wawatoto!"

"Sasa tafuta watendaji. Nani wanampenda?"

"Watoto na wanafunzi."

"Ni mmoja au wengi?"

"Wengi."

"Kwa Kiswahili utasema watoto anapenda?"

"Hapana. Masikio yatauma."

"Kiingereza kikikosewa nacho kinauma masikio ya wenyewe. Kwenye jina la kitu, 's' huleta wingi. Kwenye kitenzi cha wakati huu, 's' ni ya mtendaji mmoja anayetajwa, kama 'he' au 'she'. Wakiwa wengi, inaondoka."

"'His children and pupils love him,'" alisema Oliva.

Ilibaki sentensi ya mwisho: 'Teacher Nikolao was more better than all teachers.'

"'Better' tayari ina zaidi ndani yake," alisema Mwalimu Mabel. "Ukiweka 'more' umesema zaidi mara mbili. Tena Waingereza hawamwiti mtu 'Teacher' kisha jina. Sisi ndio tunasema Mwalimu fulani. Basi andikeni Mwalimu Nikolao, kwa Kiswahili. Hapa hakuna mtu aliyemwita vinginevyo." Kisha alimtazama Oliva kwa jicho la utani. "Na alikuwa bora kuliko walimu wote? Mimi nimewekwa wapi?"

Walicheka wote watatu. Sentensi hiyo waliamua kuitoa, wakabakiza jina tu.

Oliva alimpigia simu Anthony. Simu iliita sana kabla hajapokea.

"Mdogo wangu, yale maneno yana makosa. Tunataka kuyabadilisha."

Anthony alisema kwa sauti ndogo, "Niliyaandika mwenyewe, dada. Nilikaa nayo wiki nzima. Sikutaka kumpa mtu mwingine kazi hiyo. Sasa mmekaa huko barazani mnanicheka?"

"Hakuna anayekucheka."

"Basi tuandike Kiswahili, yaishe. Tena nadhani tumechelewa. Rajabu alisema anaanza kuchonga leo."

Oliva alishika kifua. Severina alinyoosha mkono akapewa simu.

"Anthony."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Ulipokuwa mdogo, baba yako alikuwa anakusahihisha kila siku. Ulidhani hakupendi?"

"Hapana, mama."

"Unakumbuka alivyokuwa anafanya?"

Anthony alivuta pumzi. "Alikuwa ananipa chaki. Anasema, 'Rekebisha wewe mwenyewe.'"

"Basi nenda karekebishe. Wahi kwa fundi."

Anthony alifunga duka akapanda bodaboda. Huku nyumbani ming'oko ilichemka jikoni hadi maji yakakaribia kukauka. Severina aliiepua, akairudisha, akaiepua tena bila kujua anafanya nini.

Simu iliita. "Mama, nimemkuta," alisema Anthony akihema. "Ameshachonga mstari mmoja. Amesimama kwanza."

"Mstari gani?" aliuliza Oliva.

"Wa kwanza kabisa. 'Here lies our beloved father.'"

Severina alimgeukia Mwalimu Mabel. "Huo uko sawa? Jiwe limeharibika?"

Mwalimu Mabel alimtazama Oliva. "Tafuta wewe."

Oliva alikunja uso. "Nianze na mtendaji. Lakini simwoni mwanzoni. Mwanzoni kuna 'here', yaani hapa, na hapa siyo mtu."

"Usikimbie. Mtendaji anaweza kukaa nyuma ya kitenzi."

"Anayelala ni nani? 'Our beloved father.' Baba yetu mpendwa. Ni mmoja. Kitenzi ni 'lies', kina 's'. Mmoja na 's'." Sauti yake ilianza kupanda. "Analala sasa, tena bado amelala. Wakati ni huu. Mwalimu, mstari uko sawa! Anthony, uko sawa! Huo uliuandika vizuri!"

Kwenye simu Anthony alicheka, na kicheko chake kilikuwa na machozi ndani. Mwalimu Mabel alipiga makofi. Severina naye alipiga makofi, ingawa hakuelewa 's' ile inakaa wapi.

Oliva alimwambia Anthony jina la Mwalimu Nikolao lifuate baada ya 'father', kisha alimsomea mistari mingine, herufi kwa herufi. Anthony aliirudia kwa fundi Rajabu, naye akaiandika kwanza kwa penseli juu ya marumaru. Walipofika mstari wa mwisho, Severina aliuliza, "Hapo mmeandika walimpenda au wanampenda?"

"'Love' ni wanampenda, mama. Tukitaka walimpenda tunaweka 'loved'. Yote ni Kiingereza sahihi."

"Yote sahihi?"

"Yote. Inategemea unataka kusema nini."

Severina alitazama upande wa mikorosho. "Acheni iwe wanampenda," alisema.

Misa ya kumbukumbu ilifanyika mwezi wa nane. Wanafunzi wa zamani walikuja kutoka Chilangala, Chiwata na Newala mjini. Waislamu walikuja, Wakristo walikuja. Wengine walikuwa tayari wana mvi. Padri alipomaliza kubariki jiwe, mkulima mmoja wa Chilangala aitwaye Ashraf alisogea mbele. Alikunja mikono kama alivyokuwa akifanya mwalimu wake, akasoma:

'Here lies our beloved father, Mwalimu Nikolao. He died in 2024. He taught English for many years. He gave us good advice. His children and pupils love him.'

Alirudi mwanzoni akasoma tena kimya kimya, midomo ikichezacheza. Wenzake walimsubiri. Walijua anatafuta nini, kwa sababu wao pia walikuwa wanakitafuta.

"Hakuna," alisema Ashraf hatimaye. "Hakuna hata moja."

Wale wanaume na wanawake wazima walipiga makofi pale kaburini kama watoto wa darasa la tano. Anthony alisimama karibu na mama yake, amevaa shati jeupe. Watu walimpa mkono, na yeye kila mara alisema, "Tuliandika pamoja."

Tangu siku hiyo Oliva huja kila Jumamosi kusoma na Mwalimu Mabel hapo barazani, kwa ubao mdogo na chaki. Hakariri tena sentensi ndefu bila kuzielewa. Anauliza mtendaji ni nani, ni wangapi, jambo limetokea lini. Anauliza kama kitu kinahesabika. Hatafsiri neno kwa neno. Anasoma kwa sauti, kisha anasoma tena. Mwezi wa kumi na moja alifanya mtihani. Matokeo yalipotoka, alikuwa amefaulu Kiingereza. Sasa anasomea ualimu wa watoto wadogo. Anthony naye, akitaka kuandika bango la dukani, humpigia dada yake kwanza, wakakosoana na kucheka.

Severina alikuwa akiwasikiliza kila Jumamosi huku akichambua mbaazi. Siku moja aliweka ungo pembeni.

"Mwalimu, na mimi nataka sentensi."

"Sentensi gani, Mama Oliva?"

"Ya kwangu mwenyewe. Nimeitengeneza jana nikiwa shambani. Lakini msinisaidie."

Oliva aliacha kuandika. Severina alikaa wima. Alisema kila neno peke yake, kama mtu anayepanga vikombe.

'Nikolao was my husband.'

Mwalimu Mabel alimtafuta mtendaji, akamwona. Alitafuta wakati, akauona. Alichukua muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha alivua miwani yake na kuipangusa.

"Sahihi," alisema. "Oliva, mpe mama chaki, aiandike."