Daftari la Cherehani Namba Tatu

Kila siku akitoka shule, Aneth alipita nyumbani kula na kubadilisha sare, kisha akaenda kwenye karakana ya kushona ya shangazi yake, nyuma ya soko la Ifakara. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Karakana ilikuwa na cherehani nne za umeme, zile kubwa za kiwandani, zilizoshona tangu asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Washonaji walipofunga kazi, Aneth ndipo alipoanza yake.

Shangazi Tekla alimfundisha mwenyewe, na Aneth aliijua kazi hiyo vizuri. Kwanza unachomoa waya kwenye soketi. Unafungua skrubu mbili za kibati kilicho chini ya sindano, unatoa bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, na kwa brashi ndogo unaondoa vumbi la nyuzi lililojibana ndani. Kisha unalaza kichwa cha cherehani kwa nyuma na kutazama mafuta kwenye trei. Yakikaribia mstari wa chini, unaongeza. Mwisho unaweka alama ya vyema kwenye daftari, mbele ya namba ya cherehani. Hakuhitaji mtu wa kumsimamia.

Mambo yalianza kuharibika alipochaguliwa kwenye timu ya mpira wa pete. Mazoezi yalianza saa kumi na moja na nusu. Cherehani tatu alizimaliza haraka, lakini namba tatu ilikuwa na skrubu moja ngumu iliyomchelewesha. Siku ya kwanza aliiruka, akaweka alama, akijiambia kesho ataisafisha vizuri zaidi. Kesho yake akaipangusa juu tu kwa kitambaa. Cherehani iliendelea kushona kama kawaida na hakuna aliyeuliza. Wiki tatu zikapita hivyo.

Namba tatu aliitumia Lukelo, kijana kutoka Mlimba aliyekuwa na miezi miwili tu kazini. Jumatano moja, wakiwa katikati ya kushona magauni meupe ya wasichana themanini watakaopata kipaimara Jumapili, ilianza kulia kama inayosaga mchanga. Lukelo aliondoa mguu kwenye pedali mara moja, lakini ilikuwa imeshakwama. Gurudumu halikuzunguka hata kwa mkono.

Aneth alipoingia alimkuta shangazi amesimama mbele ya Lukelo, daftari mkononi.

"Tazama mwenyewe," Shangazi Tekla alikuwa akisema. "Inasafishwa kila siku, mafuta yanatazamwa kila siku. Imeandikwa hapa. Sasa imeharibikaje kama hukuiendesha vibaya?"

"Mama, ilianza kulia yenyewe, nikaachia pedali," Lukelo alijibu.

"Daftari linasema vingine. Malizia gauni hilo kwa mkono, halafu kesho urudi Mlimba. Wazazi wa watoto hawa wananitegemea."

Lukelo alichukua sindano ya mkono akaanza kupinda gauni, uzi ukimkwama kila mara.

Aneth angeweza kunyamaza. Daftari lilikuwa upande wake, na hakuna mtu ambaye angejua. Lakini alipomtazama Lukelo akihangaika na uzi, alijua hataweza kukaa karibu na cherehani ile tena.

"Shangazi, usimfukuze kaka Lukelo," alisema. "Namba tatu sijaifungua wiki tatu. Hizo alama niliweka tu."

Washonaji wengine waliacha kazi. Shangazi alilitazama daftari, kisha akamtazama yeye.

"Zote?"

"Zote za namba tatu. Nilikuwa nawahi mazoezi."

Shangazi alilifunga daftari. "Kamwite Fundi Hermenegildi," alisema. "Umweleze kama ulivyonieleza."

Aneth alikimbia hadi kibanda cha fundi wa cherehani, kando ya barabara.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Mbona unahema?"

Alimweleza yote, hata kwamba siku ya mwisho alipoyatazama, mafuta yalikuwa yamekaribia mstari wa chini na hakuyaongeza.

"Umenipunguzia kazi ya kutafuta tatizo," fundi alisema, akichukua begi lake la vifaa.

Walipoifungua cherehani, vumbi la nyuzi lilikuwa limegandamana kama pamba iliyolowa. Trei ilikuwa kavu. Fundi aliilegeza ile skrubu ngumu kwa tone la mafuta, akamwachia Aneth bisibisi. Aneth alitoa vumbi lote, akaosha trei na kuijaza mafuta mapya, huku fundi akisugua mikwaruzo kwenye chuma kinachozunguka chini ya bobini. Saa kumi na mbili cherehani iliwashwa bila uzi. Ilizunguka kwa sauti laini.

"Ingekimbia dakika chache zaidi, mngesubiri kipuri kutoka Morogoro," fundi alisema. "Huyu kijana aliachia pedali mapema. Ndiye aliyeiokoa."

Shangazi Tekla alimgeukia Lukelo. "Nilikulaumu kabla sijaifungua mashine. Nisamehe. Kesho kaa kwenye kiti chako."

"Yamekwisha, mama," Lukelo alisema, na kwa mara ya kwanza jioni ile akatabasamu.

Wiki hiyo Aneth hakwenda mazoezini. Alishona vifungo mpaka Jumamosi mchana, gauni la themanini lilipopigwa pasi. Ndipo shangazi alipomrudishia daftari.

"Sikunyang'anyi kazi hii, kwa sababu unaiweza," alisema. "Ungeniambia mazoezi yanakubana, tungepanga muda mwingine. Lakini elewa, Aneth, niliziamini alama zako kuliko maneno ya mtu aliyekaa mbele yangu. Ukiandika kazi ambayo hukuifanya, kuna mtu mwingine atakayebeba kosa lako. Fanya kwanza, ndipo uandike. Na ukishindwa, andika kwamba umeshindwa."

Jumatatu, uzi ulikuwa umenasa ndani ya namba mbili, mahali brashi haikufika. Aneth hakuweka alama. Aliandika: "Namba mbili bado. Naomba msaada." Shangazi alisoma, akachukua tochi, akaja kuinama pamoja naye.