Jeneza la Bati la Ndege

Siku habari hii ilipoanza ilikuwa siku ya kawaida kabisa. Nilikuwa uani nasuka ukili wa mkeka, mama yangu Bi Siti anapepeta mchele, na kaka yangu Jecha amekaa kizingitini anafunga mpira mpya kwenye miwani yake ya kuzamia. Ulikuwa mwaka wa hamsini na tisa. Tulikaa kijiji cha pwani upande wa Micheweni, pahala pa mawe matupu, ambapo hata kaburi huchimbwa kwa mtaimbo. Jecha alikuwa mzamiaji. Alitoa majongoo ya pwani na makombe akauza Wete, na hakuna mwanamme kijijini aliyeweza kushindana naye kukaa chini ya maji.

Mimi ni Mwanawema, dada yake. Nasimulia kwa sababu wanaume waliokuwapo wamenyamaza mpaka leo, na kimya chao kinanichoma kuliko hayo yenyewe yaliyotokea.

Asubuhi ile akaingia Bwana Msellem. Huyu alikuwa na mashamba ya karafuu, nyumba Madungu kule Chake Chake, na sauti ya kuamrisha watu. Jeneza la msikiti wetu lilikuwa la mbao, na mchwa walikuwa wamelila mpaka likavunjika njiani na maiti akiwa ndani. Aibu kubwa. Msellem akajitolea kuleta jingine, ila mbao akaziona hasara.

"Jecha, ile ndege ya Waingereza bado ipo kule chini?"

"Ipo, Bwana Msellem."

"Bati lake haliliwi na mchwa wala haliingii kutu. N'letee. Mabruki, fundi bati wa Madungu, atafua jeneza, na thawabu tutagawana."

Ndege ile kila mtu kwetu aliijua. Wakati wa vita vya pili vya dunia, Waingereza walileta katika bahari yetu manowari kubwa za kubeba ndege, na ndege hizo zilipopita chini chini sisi watoto tulikimbilia migombani. Moja ilianguka nje ya mwamba ikiwa na watu watatu. Wawili bahari iliwatoa, wazee wetu wakawafunika shuka na kuwachimbia shimo juu ya pwani, kwa sababu kwetu mtu aliyeletwa na maji hulazwa ardhini, awe nani. Wa tatu, rubani mwenyewe, hakutoka. Tangu siku hizo wavuvi hawakutia nyavu pale.

Jecha akaenda na mtumbwi wa Hija, jirani yetu, bamvua lilipovuta maji. Alirudi na mabati ya mbawa, mepesi, yangali na rangi ya kijivu. Alirudi pia na uso ambao sikuupenda.

"Yumo," akaninong'oneza.

"Nani?"

"Rubani. Kakaa kitini, mifupa mitupu. Mikanda ingali imembana mabegani. Kofia ya ngozi ipo kichwani."

Akaenda kumwambia Msellem kwamba mtu yule azikwe kwanza, bati lifuate. Msellem akacheka. Akacheka mbele ya watu!

"Kafiri huyo, yakhe. Mie nataka bati, sitaki mifupa. Na lile zuri zaidi liko hapo alipokaa. Ling'oe."

Jecha akaling'oa. Aling'oa ubavu, aling'oa sakafu, akamwacha yule mtu juu ya kiti chake, maji yakimpita huku na huku. Walimvunjia maiti nyumba yake ili wapate kitu cha kubebea maiti. Watu wazima, wenye alama za sijda kwenye paji la uso, hawakuona tatizo lolote.

Jeneza likaja kwa gari, liking'aa. Watu wawili walilinyanyua kwa mkono mmoja mmoja, wakashangilia. Shehe Abrahman, imamu wetu, akalisomea dua ndefu, na jina la Msellem akalitaja zaidi kuliko jina la Mtume. Tena nikwambie kitu: Msellem alipokufa, miaka baadaye, alikuwa ameusia abebwe kwa jeneza la mbao. La mbao! Basi alijua.

Wa kwanza kubebwa alikuwa Mzee Silima, mtu mkavu, hakuwa na uzito wowote. Walipotoka msikitini jeneza lilikuwa jepesi. Walipofika njia panda, ambapo upande mmoja unakwenda makaburini na upande mwingine unashuka pwani, likawa zito. Likavuta. Jecha alikuwa mbele kulia, akaniambia bega lake lilivutwa kushoto, kuelekea baharini, na wote sita walikaza miguu mpaka wakatokwa na jasho. Walipolitua makaburini, maji yalichuruzika kwenye pembe zake. Hija akachovya kidole, akakiweka ulimini. Yalikuwa ya chumvi.

"Mumwambie Shehe," nikamwambia Jecha.

"Shehe aliona."

Shehe aliona, ndiyo. Lakini paa la msikiti lilitiwa na Msellem, na kisima kilichimbwa na Msellem.

Wakati huo mama yangu alikuwa keshaanza kuugua. Kifua kilimbana, chakula kikamshinda. Hakuogopa kufa hata kidogo, alikuwa akizungumza habari za kifo chake huku akinituma nimsugue mgongo. Aliogopa jambo moja tu. Siku moja alinivuta kanga.

"Mwanawema, mie msinitie mle ndani ya ndege."

"Hatukutii, mama."

"N'chukueni kwa kitanda changu cha kamba. Nataka kulala karibu na baba yenu. Sitaki kwengine."

Nikamwahidi. Nikamwahidi mbele ya Jecha, naye akaitikia kwa kichwa.

Jecha akataka kumaliza mambo kabla mama hajafa. Akasema atazamia, ataikusanya ile mifupa na kuileta juu ya pwani ilale na wenziwe. Hija akakubali kutoa mtumbwi. Msellem akapata habari, akaja mbio kutoka Madungu. Akasema mifupa ikionekana, watu watasema sadaka yake ina najisi. Akasema atakayezamia pale asikanyage tena shamba lake wakati wa kuchuma karafuu. Hija ana watoto wengi. Akauvuta mtumbwi wake juu, akaufunga.

Mama akafa asubuhi moja baada ya jua kupanda. Nilimwosha mwenyewe, pamoja na Bi Mwatum, jirani yetu aliyekuwa akiosha maiti za wanawake hapo kijijini. Tukamtia pamba na kafuri, tukamvika kafani, tukamfunga. Alikuwa mfupi mama yangu, mnene wa nyonga, na hata ndani ya kafani ungemjua ni yeye.

Halafu nikasikia miguu ya wanaume uani. Nikachungulia. Walikuwa wameleta lile jeneza la bati.

Nikasimama mlangoni, nikaufunga mlango kwa mwili wangu.

"Kitanda chake kiko hapa," nikasema. "Kausia."

Msellem akanijibu bila kunitazama. "Mwanamke hazuii jeneza. Jecha, mwondoe dada yako."

Nikamtazama kaka yangu. Nilitaka aseme neno moja tu. Akainamisha kichwa, akanishika mkono, akaniweka pembeni taratibu. Nilimchukia siku ile. Nilimchukia kuliko Msellem, maana Msellem hakunyonya kwa mama yangu.

Wakamchukua. Kwetu wanawake hatufuati maiti, tunabaki nyumbani na kusikiliza. Nikasikia tahlili zikienda. Laa ilaha illallah. Zikafika njia panda. Zikageuka pwani. Nilizisikia, Bi Mwatum naye alizisikia, akanifumba mdomo nisipige kelele. Zikashuka, zikashuka, kisha zikakatika ghafla. Nikasikia mawimbi peke yake. Baada ya muda sauti zikaanza tena, dhaifu, zikapanda kuelekea makaburini.

Jecha aliporudi, kanzu yake ilikuwa imelowa mpaka kiunoni. Nikamuuliza, akanipa mgongo. Hakula siku ile, wala ya pili.

Siku ya tatu tulisoma hitma na kuondoa matanga. Watu walikula wali, wakasifu wali. Walipokwisha kutawanyika, Jecha akanifuata jikoni. Midomo ilikuwa imemkauka.

"Mwanawema. Kule kaburini si nilishuka mimi kumpokea?"

"Ulishuka. Wewe ndiye mwanawe."

"Nilimpokea mikononi." Akatazama viganja vyake. "Hakuwa mama."

Nikaweka sufuria chini.

"Alikuwa mrefu. Miguu ilizidi mwanandani, tukaikunja. Kafani ilikuwa imelowa, tangu pale jeneza lilipotuvuta mpaka majini. Ndani yake mna mifupa mitupu, ikigongana. Nikashika kifuani nikagusa chuma. Bizimu. Bizimu ya mkanda."

"Na ukafanya nini?"

"Binamu zetu walioshuka nami waligusa vilevile. Msellem alikuwa juu anachungulia. Akasema, fukieni. Tukafukia."

Nikampiga kofi. La kwanza na la pili. Hakujikinga.

"Mama yuko wapi, Jecha?"

Akatazama baharini.

Sikumwomba mtu ruhusa. Nilikwenda pwani mchana mweupe, nikaufungua mtumbwi wa Hija mwenyewe akiniona, akabaki amesimama na mikono kiunoni. Nikashika pondo. Jecha akakaa mbele na miwani yake na kisu cha kupasulia samaki. Maji yalikuwa yametulia, safi, unaona mpaka chini. Tukapita mwamba. Chini yetu likatokea umbo jeusi, bawa moja lililobaki, na mkia umesimama.

Jecha akavuta pumzi. Akazama.

Nikangoja. Samaki hawakuwapo. Hata mmoja. Mtumbwi haukuyumba.

Akaibuka, akashika ukingo. Meno yalikuwa yakigongana, na jua lilikuwa kali.

"Kakaa," akasema.

"Nani?"

"Mama. Kakaa kitini. Kafungwa mikanda."

"Mikanda ya tangu vitani haijaoza?"

"Mipya, Mwanawema. Mipya!"

"Rudi," nikamwambia. "Ikate."

Akazama. Akaibuka bila kitu, akitema maji. Mikanda ilikuwa haikatiki. Akazama tena. Mara hii alikawia. Nikaita jina lake. Nikaita la mama. Kisha, sijui kwa nini, nikamsemesha yule mtu mwingine. Nikamwambia kwa hasira yangu yote: ushazikwa, ushasaliwa, ushalala mahali pa mama yangu, unataka nini tena? Mwachie!

Mtumbwi ukatikisika. Kitu cheupe kikapanda kutoka chini, na Jecha amekikumbatia.

Tulimpakia mama mtumbwini. Nikagusa kafani yake. Ilikuwa kavu.

Habari zilifika nyumbani kabla yetu. Shehe Abrahman na Msellem walikuwa wamesimama uani. Shehe hakuthubutu kunitazama.

"Bi Siti n'shamsalia," akasema kwa sauti ya chini. "Na kaburi halifukuliwi. Ni haramu."

"Kwa hiyo yule mgeni abaki karibu na baba yangu, na huyu mama yangu asiwe na kaburi?"

"Tusiwatie watu fitina, binti," akasema Msellem.

Nilimtemea mate kanzuni. Naam, nilimtemea, na nikipata nafasi leo nitalitemea kaburi lake. Unajua alifanya nini na lile jeneza? Alilipeleka sadaka kijiji kingine, mbali na kwetu, wakalipokea kwa dua. Thawabu akazichukua mara mbili.

Nikafunga mlango. Tukabaki mimi, Bi Mwatum na mama. Jecha alikuwa nyuma ya nyumba na mtaimbo, anapasua jiwe, kila pigo nalisikia ukutani. Nikasema lazima nimwoshe upya, siwezi kumlaza na maji ya pale. Bi Mwatum akanimiminia maji, nami nikafungua kafani.

Pamba ilikuwa mahali pake. Kafuri ilinukia vilevile. Lakini mabegani, kuanzia shingoni kushuka kifuani, palikuwa na michirizi miwili mipana, myekundu, iliyovilia damu.

Bi Mwatum akaacha kumimina.

"Mwanangu," akanong'ona, "maiti havilii damu."

Nilikuwa nimeshika mkono wa mama. Tulipomvika kafani nilikuwa nimeinyoosha mikono yake ubavuni, vidole vimelegea. Sasa alikuwa amefumba ngumi. Nikavifungua kidole kimoja kimoja. Kucha zake nilizichokoa mimi mwenyewe kwa kijiti siku aliyokufa, mpaka zikawa nyeupe. Sasa kila ukucha chini yake ulijaa rangi ya kijivu, ile waliyopaka Waingereza ndege zao za manowari, na kucha mbili zilikuwa zimekatikia kwenye nyama.

Alikuwa akikwaruza. Siku zote zile, na sisi huku tunakula wali wa hitma.

Nilisugua kwa sabuni, nikasugua kwa ndimu, nikasugua mpaka Bi Mwatum akanishika mikono na kunisihi niache. Rangi haikutoka. Tukamzika nayo nyuma ya nyumba, mimi na Jecha, tumembeba mikononi.