Kidogo Aliogeshwa!

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali, mimi na mama humpeleka ng'ombe wetu joshoni. Mama huvuta kamba, nami husukuma kwa nyuma, maana ng'ombe wetu ni mfupi kuliko wote na mkaidi kuliko wote. Tunamwita Kidogo. Watu husema tumefanana tabia, na mimi sikatai.

Josho lenyewe ni ujia mwembamba wa mabomba. Ng'ombe anapoingia, kisomaji kilichofungwa juu ya nguzo husoma hereni ya plastiki iliyo sikioni mwake, kikalia "pii!", na jina la mwenye ng'ombe likaingia kwenye kompyuta. Mbele kidogo, pampu humnyunyizia dawa ya kupe. Ng'ombe asiyeogeshwa, maziwa yake hayapokelewi na chama cha wafugaji.

Jumamosi hiyo msimamizi wa josho alitusimamisha getini.

"Mama, ng'ombe wako hajaoga mwezi mzima," alisema. "Kompyuta haimjui. Kuanzia kesho maziwa yenu yabaki nyumbani."

"Tumemleta kila wiki!" nilidakia. "Wewe mwenyewe ulituona!"

"Mimi naona ng'ombe wengi, binti. Wako watu wakiona foleni ndefu wanageuza. Mashine haidanganyi. Ombeni radhi mbele ya wanachama, yataisha."

Mama alinivuta pembeni. Maziwa ya Kidogo ndiyo yanayotulisha, ndiyo yanayonisomesha, na uso wa mama ulikuwa umesawajika.

"Mwanangu, tuombe radhi tu yaishe," alininong'oneza.

"Kwa kosa gani, mama? Siombi! Hata wanifunge kwenye nguzo ile, siombi!"

Mama alinikemea kwa sababu nilipaza sauti mbele ya wakubwa. Hata hivyo sikuondoka. Nilipanda juu ya uzio, nikakikodolea macho kile kisomaji kama mtu anayemsubiri mwizi wake.

Ndipo nikagundua jambo. Pampu ikiwa kimya, kisomaji kililia hata kabla ng'ombe hajafika kwenye nguzo. Pampu ikinguruma kumnyunyizia ng'ombe aliyetangulia, taa ndogo ya kisomaji ilififia, na hakikulia mpaka sikio lipite karibu yake kabisa. Ng'ombe warefu walisomwa bila shida. Kidogo wetu, masikio yako chini kule, angesomwa saa ngapi?

Nilishuka, nikamshika Kidogo kamba, nikamwingiza ujiani na kusimama naye pale pale.

"Mtoe huyo ng'ombe!" msimamizi alifoka.

"Samahani, baba, sitoki. Washa pampu, kisha uizime. Ukishaona mwenyewe, nitatoka."

Foleni ilianza kulalamika. Mzee mmoja nyuma yetu akacheka, "Washa tu, bwana! Huyu na ng'ombe wake watatulaza hapa."

Msimamizi akawasha pampu huku amenuna. Kisomaji kimya. Akaizima. "Pii!" Jina la mama likatokea kwenye kompyuta, na watu wote waliliona.

Msimamizi alikuna kichwa. Kisha akaleta kipima umeme, akakigusisha kwenye nyaya za kisomaji. Pampu ikiwa imezimwa, kilionyesha volti kumi na mbili. Ilipowashwa, zilishuka hadi tisa.

"Tangu tulete pampu hii kubwa mwezi uliopita, inatumia betri moja na kisomaji," alisema, sauti yake imepoa. "Hereni haina betri ndani. Kisomaji ndicho kinachoipa nguvu kwa mawimbi yake. Umeme ukishuka, mawimbi yanadhoofika, hayafiki mbali." Akamgeukia mama. "Dada, nisamehe. Nimekutuhumu bure."

Siku hiyo hiyo pampu ilipewa betri yake, na kesho yake maziwa yetu yalipokelewa.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani Jumamosi ile, mama alitangulia akivuta kamba ya Kidogo. Nilidhani nitagombezwa.

"Mwanangu, leo nusura niseme uongo," alisema hatimaye. "Kukubali kosa ambalo hukulifanya nako ni uongo, hata kama unatafuta amani. Ukijua unasema kweli, usirudi nyuma. Tafuta ushahidi, uuweke mezani, kila mtu auone."

"Na kule kupaza sauti, mama?"

"Sauti ishushe," alinijibu, mkono wake ukinishika begani. "Msimamo uache ulipo."