Mlango wa Msikiti Uliofungwa Chooni

Enyi waumini, sogeeni mbele, zimeni simu, mnisikilize mimi khatibu wenu kwa nyoyo zenye khofu ya Mola aliyewaumba watu na majini ili wamwabudu Yeye.

Guled Warsame mnamjua. Ndiye anyooshaye nondo kuukuu na kuuza mabaki ya majengo hapa Hargeisa. Msikiti wetu ulipokarabatiwa, alikabidhiwa mlango wa zamani auhifadhi kwa ajili ya madrasa, maana mali ya wakfu hubaki wakfu hata ikichakaa. Akaupachika uwe mlango wa choo chake.

Mkewe, Hodan, ndiye aliyenusa kwanza.

"Guled, mbona choo kinanukia udi?"

"Labda tumbo langu limesilimu!" akacheka.

Adhuhuri ile ile binti yao mdogo, Ubah, aliingia humo. Mlango ukajibamiza. Zikasikika nyayo nyingi, kama safu zinazojipanga kuswali, kisha kilio, kisha damu ikachuruzika kizingitini. Guled alipousukuma ule ubao, misumari ilichomoka ikampigilia viganja, na kila alipojivuta nyama ilichanika, na kila alipopiga ukelele sauti ya mtoto ilizidi kuwa nzito, hata haikuwa ya mtoto tena, bali ya majini:

"Tulisujudu nyuma ya mlango huu kabla babu yako hajazaliwa. Umetuweka penye najisi. Nasi tumemshika wako."

Hodan alikimbia kumwita imamu wetu, Maalim Diriye.

"Maalim, wasomee, wafukuze!" Guled alilia.

"Nimfukuze nani, mwanangu? Mwizi ni wewe," Maalim alinong'ona. "Sema utarudisha."

"Nitarudisha! Wallahi, nitarudisha mlango!"

"Na vingine?" sauti iliuliza. Mfupa ukalia ndani.

"Sema!" Hodan alimkaba Guled shingo. "Baba Ubah, umechukua nini tena?"

"Boriti za msikiti... ziko darini, juu ya kitanda cha Ubah. Nitarudisha vyote! Vyote!"

Misumari ikamwachia. Ubah alitoka akitambaa, mkono umevunjika, kucha zimeng'oka, lakini yu hai, Mola ashukuriwe. Mlango na boriti vimerudi kwenye wakfu.

Ila mtoto yule, ndugu zangu, hadi leo anausikia ule udi. Jana nilipita naye mtaa huu nikimpeleka kufungwa bandeji. Alisimama mbele ya nyumba tatu, akaziba pua.

Wenye nyumba hizo mmeketi hapa. Sitawataja. Inukeni sasa hivi, mkang'oe mlichokichukua, mkirudishe, kabla watoto wenu hawajaamka kutoka usingizi wa mchana.