Aliyekuja Kuchorwa

Mwalimu Bedan alimwomba Namalwa kitu kidogo tu. Anakili video za wiki nzima kutoka kwenye kamera hadi kwenye kompyuta, afunge ukumbi, kisha amwachie ufunguo Mama Nalotuesha wa duka la hapo getini. Bedan mwenyewe alikuwa anakimbilia Kajiado mjini kutafuta kibali cha maonyesho ya Jumamosi. Ilikuwa saa kumi na mbili jioni, siku ya Alhamisi. Upepo wa Agosti, ule wenye baridi na vumbi unaoingia Kitengela kutoka mbugani, ulikuwa umeanza kugonga mabati.

Namalwa alikubali. Haikuwa kazi ya kumtisha mtu.

Alikuwa na miaka ishirini na saba, mzaliwa wa Bungoma, karani wa mapokezi katika kliniki moja ya mjini. Likizo yake yote aliiweka kwenye kozi hiyo: asubuhi uchoraji, mchana filamu, wiki mbili. Mamake alimwambia kwa simu kwamba anapoteza likizo. Namalwa alijiandikisha vile vile. Tangu wamzike Nekesa, mdogo wake, mwezi wa Machi mwaka uliopita, alikuwa anatafuta kitu cha kushughulisha mikono. Siku nne za mwisho Nekesa alilala hospitalini na mpira kooni. Alikuwa anamkodolea dadake macho, anataka kusema neno. Hakulisema.

Na tangu Jumatatu, Namalwa alikuwa anamchora Nekesa.

Hakukusudia. Walikuwa wanachora mwanamke mmoja aliyekaa mbele yao kila asubuhi, kwenye kiti cha mbao katikati ya ukumbi. Mtu mzima, mkimya, shuka ya bluu mabegani. Bedan alikuwa akisoma majina kwenye rejista, wanafunzi wakiitika, mwanamke akisikiliza. Baada ya hapo hakutikisika hata kidogo. Namalwa alimtazama, akachora alichokiona, lakini uso uliotokea kwenye picha ukawa wa Nekesa. Alidhani ni majonzi tu.

Mpaka Jumatano, Bedan alipowaambia wageuze picha waonyeshane.

Picha kumi na moja. Nyuso kumi na moja.

Felix alicheka, akasema huyu wake ni shangazi yake kabisa. Dinah akasema wake ni mamake. Kisha wakaanza kuulizana wako wapi hao watu, na kicheko kikaisha. Wote walikuwa wameshazikwa. Bedan alijaribu kuwatuliza kwamba mkono huchora yule moyo unamkosa, basi.

Ni Parsaoti tu, kijana wa Isinya, aliyechora mtu asiyemjua. Mwanamke mzee wa Kimaasai, masikio marefu, na kitambaa kilichofungwa kutoka kidevuni hadi utosini, kimelegea. Wengine wote walichora mdomo uliofumba. Parsaoti aliufungua. Alimwambia Namalwa kwamba ukiufumba, picha inakaa kama maiti.

Alhamisi Parsaoti hakuja. Alimwandikia Namalwa kwamba ameamka bila sauti. Hata kukohoa hawezi.

Mwanamke yule alikuja kama kawaida. Asubuhi nzima alimtazama Namalwa peke yake.

Sasa Namalwa aliketi mbele ya kompyuta, picha zote kumi zikimzunguka. Ya Parsaoti haikuwepo. Alifikiri labda aliibeba. Akafungua video ya kwanza, ile waliyoichukua ya darasa la uchoraji, ahakikishe imenakilika vizuri. Akamwona Dinah akichanganya rangi. Akajiona mwenyewe. Akamwona yule mwanamke kitini.

Midomo yake ilikuwa inacheza.

Namalwa alisogea karibu na kioo. Siku zote nne yule mama hakuwahi kutamka neno. Angeapa mbele ya mtu yeyote. Lakini kwenye video alikuwa anaongea, haraka haraka, bila kupumzika.

Akavaa spika za masikioni. Akaongeza sauti.

Brashi zikikwaruza. Upepo. Kikohozi cha Felix. Na chini ya hayo yote, mnong'ono...

"Felix. Nifungue mdomo. Dinah. Nifungue mdomo. Immaculate Namalwa. Nifungue mdomo..."

Mkono wake ukaruka. Akasimamisha video.

Sauti haikusimama.

Akavua spika, akazitupa mezani. Kimya. Mabati tu. Kisha akasikia harufu. Haikuwa ya rangi wala ya mafuta ya taa ya kuoshea brashi. Ilikuwa harufu ya maziwa yaliyolala ndani ya kibuyu, yaliyochanganyika na udongo mbichi.

Alitaka kusimama aende. Macho yake yakaangukia picha ya Nekesa.

Nekesa alikuwa anamtazama vile alivyomtazama hospitalini. Vile vile. Mdomo umefumba, macho yanaomba. Namalwa hakukumbuka baadaye alivyoshika brashi. Alikumbuka baridi ya rangi nyeusi kidoleni, na wazo moja tu kichwani: neno moja. Anipe neno moja tu, halafu nitamwacha alale.

Akachora mstari mwembamba mweusi kati ya midomo. Upande wa kushoto. Akafika katikati.

Picha ikapumua.

"Immaculate."

Ilikuwa sauti ya Nekesa. Na kile kikwaruzo chake cha kooni, kile kile. Machozi yakamtoka Namalwa bila kulia.

"Immaculate, endelea."

Brashi ikasimama hewani. Tangu ajue kuongea, Nekesa hakuwahi kumwita hivyo. Alimwita Maku. Nyumbani, shuleni, hata kwenye simu ya mwisho kabla ya kulazwa, Maku. Immaculate ilikuwa ya kitambulisho. Na ya rejista ya Bedan.

"Niite jina langu," Namalwa akanong'ona.

"Immaculate Namalwa," sauti ikasema, pole pole, kama mtu anayesoma.

Nyuma yake kiti cha mbao kikalia. Kama kinavyolia mtu anapoinuka.

Hakugeuka. Alinyakua kisu cha rangi akakwaruza ule mdomo, akakwaruza mpaka kitambaa cha picha kikachanika, na nyuma yake akasikia nyayo, mguu mtupu juu ya saruji, hatua moja, ya pili... Pumzi ikamgusa shingoni. Baridi. Ya maziwa. Akarukia mlango.

Mama Nalotuesha alimwona akifika dukani na kiatu kimoja. Hakumuuliza amekimbia nini. Alimwingiza ndani, akafunga dirisha la duka, akampa maji. Namalwa alipomweleza kuhusu shuka ya bluu na kile kitambaa cha kidevuni, yule mama alivuta kiti akaketi.

Alimwambia kwamba shamba hilo kabla ya kukatwa ploti lilikuwa la mwanamke mmoja mzee aliyekataa kuuza. Wanawe wakauza kisiri. Alipojua, aliapa kwamba siku ya kufa kwake atawataja mmoja mmoja, na laana ya mzazi, kwao, haikuwa mzaha. Basi alipokufa, wanawe walimfunga mdomo kwa kitambaa, asije akawataja, wakamzika hapo hapo. Ukumbi ulijengwa juu.

"Hiyo ndiyo watu wanasema," alimaliza. "Mimi sikuwepo."

Bedan alirudi Ijumaa na kukuta picha kumi, moja imechanika. Alikiri kwamba hakumtafuta yule mama. Alijitokeza mwenyewe getini siku ya kwanza na kuomba akae achorwe, na yeye akaona ni bahati. Mama yule hakuonekana tena. Maonyesho yakavunjwa. Picha ya Parsaoti haikupatikana ukumbini wala kwao.

Jumapili ya wiki iliyofuata Namalwa alienda Isinya kumwona mgonjwa. Alifika saa tisa mchana, jua likiwaka. Babake Parsaoti, Mzee Koinet, alimpokea mlangoni, akamsalimia kwa Kimaasai, "Takwenya," naye akaitika "Iko" kama alivyofundishwa na majirani. Alikuwa mtu mpole. Alimmiminia chai kwa mkono wake mwenyewe, akimshukuru kwa kutomtupa mwanawe.

Parsaoti alikuwa ameketi kwenye sofa, amekonda, macho chini. Dadake, Nasieku, alimweleza Namalwa kando kwamba usiku kitu fulani kinaongea ndani yake. Siyo sauti yake. Hutaja jina moja tu, usiku kucha. Na mwenye jina hilo, mtu wa huko Kitengela, walisikia amezikwa juzi.

Hapo mlango ukafunguliwa bila hodi.

Aliingia mzee wa miaka sitini hivi. Mkononi alikuwa na nyasi mbichi, ishara ya Wamaasai ya kuomba msamaha, na kibuyu kidogo cha maziwa. Hakumsalimia Mzee Koinet. Hakumwona mtu yeyote. Alienda moja kwa moja hadi kwenye sofa, akapiga magoti mbele ya yule kijana aliyeweza kuwa mjukuu wake, akaongea Kimaasai.

"Anamwita mama," Nasieku akanong'ona. "Anasema... mama, nisamehe. Umemchukua kaka yangu, inatosha."

Parsaoti aliinua uso. Mdomo wake ukafunguka, ukafunguka zaidi, na ndani yake ikatoka sauti ya mwanamke mzee.

Namalwa aliijua.

"Anasema nini?" akauliza.

Nasieku alikuwa ameshika mkono wake kwa nguvu. "Anasema... mlinifunga nikiwa bado napumua."

Yule mzee alilia, kipaji cha uso kikigusa sakafu. Hakukana.

"Anauliza walikuwa wangapi," Nasieku akaendelea. "Anajua wanawe wawili. Lakini kulikuwa na mikono mingine. Mtu wa tatu alimshika kichwa, lakini hakumwona kwa sababu alikuwa amefunikwa macho. Anataka jina."

Upepo uligonga dirisha. Kisha, bila kuinua kichwa, mzee aliyepiga magoti alitamka jina moja.

Nasieku hakulirudia. Aliuachia mkono wa Namalwa.

Upande wa pili wa chumba Mzee Koinet alikuwa bado ameshika birika. Chai ilikuwa inamwagika juu ya kikombe kilichojaa, inashuka mezani, inachuruzika hadi kwenye miguu yake, na hakuonekana kuhisi moto wake.

Kwenye sofa, Parsaoti aligeuza shingo, pole pole, akamtazama babake.